Mnyama Husomwa Mahali Alipokaa: Chui, Kambare na Msuko katika Pembe za Ndovu za Afrika Magharibi

Kila panapozungumzwa sanaa ya Afrika kuna jedwali linalojitokeza: chui ni mamlaka, nyoka ni hekima, mamba ni ukali, ndege ni roho. Mnyama kushoto, maana kulia, na msomaji anaondoka akidhani amekabidhiwa ufunguo. Jedwali hilo limebandikwa pia kwenye pembe za ndovu zilizochongwa Benin, Owo na pwani ya Sierra Leone, na huko halifai hata kidogo. Mnyama yuleyule anaweza kuwa mfalme kwenye pembe moja na mpinzani wa mfalme kwenye nyingine. Kinachotofautisha ni mahali alipowekwa, nani yuko jirani yake, na nakshi gani inamzunguka.

Hilo la mwisho ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Misuko, mistari iliyokatana kama wavu, safu za nukta na mistari ya kwenda na kurudi huitwa mapambo ya kujazia nafasi, hata na watu ambao wangepaswa kujua zaidi. Hoja yangu ni kwamba nakshi hizo ndizo zinazogawa nafasi, ndizo ngozi za wanyama na mavazi ya watawala, na mara nyingine mnyama mwenyewe hugeuka nakshi mbele ya macho yetu. Anayemsoma mnyama na kuiruka nakshi amesoma nusu ya sentensi.

Tuanze na malighafi, kwa sababu maamuzi mengi ya mchongaji hufanywa na pembe yenyewe kabla tezo haijaigusa. Pembe ya ndovu ni jino. Takriban theluthi moja ya urefu wake, upande wa shina uliozama kwenye fuvu, ni tupu ndani: pango lenye umbo la koni ambalo ukuta wake ni mwembamba mdomoni na unazidi kunenepa kadiri pango linavyofinyaa. Baada ya hapo pembe imejaa, ila katikati hupita mfereji mwembamba wa neva unaoelekea nchani. Nje kuna ganda la rangi ya hudhurungi ambalo kwa kawaida huondolewa. Kwa hiyo umbo la kazi limekwisha kuamuliwa kwa kiasi kikubwa. Bangili na vikombe hutoka sehemu yenye pango. Vyombo vya tumbo la mviringo, kama vile vya chumvi, hutoka pale pembe ilipo nene, na kipenyo cha tumbo hakiwezi kuzidi kipenyo cha pembe. Ncha iliyojaa hutoa vitu virefu vyembamba, mfano wake ukiwa iroke Ifa, kigongo ambacho mganga wa Kiyoruba hugongea ubao wa ramli, na ambacho hata baada ya kuchongwa bado kinaonyesha mkunjo wa jino kilikotoka.

Ndovu wa misitu ya Afrika Magharibi ana pembe zilizonyooka zaidi na ngumu zaidi kuliko za ndovu wa mbuga. Ugumu huo humchosha mchongaji, lakini humlipa: ukingo mkali hubaki mkali, na mistari miwili inaweza kukaa karibu sana bila kibanzi cha katikati kuruka. Ubaya wa pembe ni kukauka. Nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, na nyufa hufuata urefu wa jino. Ndiyo maana mchongaji anayejua kazi huelekeza sehemu nyembamba zilizosimama peke yake kwa urefu wa pembe. Nyoka anayening'inia wima anaweza kuchongwa mwembamba na akadumu karne tano. Mkono ulionyooshwa kando, kukatisha urefu huo, huvunjika, na ukichunguza vinyago vya kale utaona kwamba mikono na mikuki iliyopotea ni ile iliyokatisha. Ndiyo maana watu wa kwenye pembe hushika viuno, hushika ndevu, au hushika upanga uliolala mwilini. Mkao huo umefasiriwa mara nyingi kuwa ishara ya heshima, na huenda ni kweli, ila fizikia ya jino ilikuwa na neno kwanza.

Zana ni chache: tezo ya kuondolea mabonge, patasi na visu vya ukubwa tofauti, keekee ya kutobolea, na mwishoni majani makavu yenye ukwaru ya mti wa msasa, uleule tunaoujua Afrika Mashariki, ambao unaota pia katika misitu ya Nigeria.

Sasa twende Benin, yaani ufalme wa Waedo ambao mji wake mkuu ni Benin City katika Nigeria ya leo, si Jamhuri ya Benin iliyo jirani. Huko kazi ya pembe ilikuwa ya jumuiya moja ya mafundi, Igbesanmwan, waliomchongea mfalme, yaani Oba. Wafua shaba wana jumuiya yao nyingine katika mtaa wa Igun. Kila ndovu aliyeuawa katika ufalme, pembe moja ilikuwa ya Oba kwa haki, na ya pili ilibidi Oba apewe nafasi ya kwanza kuinunua. Kwa maneno mengine, pembe ilikuwa mali ya kifalme kabla haijachorwa mstari hata mmoja. Hata weupe wake ulikuwa na kazi. Waedo huulinganisha na orhue, udongo mweupe unaotumika katika ibada na unaohusishwa na usafi, amani na Olokun, mungu wa bahari na mali. Kandokando yake kulikuwa na wekundu wa marijani na wa shaba. Mtawala aliyevaa pembe nyeupe juu ya marijani alikuwa amevaa vitu vya bahari.

Hapo ndipo kambare anapoingia. Samaki huyu mwenye sharubu ndiye mnyama wa majini anayeonekana zaidi katika sanaa ya Benin, na wataalamu wamebishana sana kama ni kambare wa kawaida, kamongo, au kambare wa umeme. Mabishano hayo yana faida mpaka kiasi. Kambare na kamongo wanaweza kuvuta hewa na kustahimili tope maji yanapopungua. Wa umeme humpiga anayemgusa. Sifa zote mbili zinamfaa mfalme. Lakini jina la samaki pekee halikuambii amefanya nini kwenye pembe. Mtazame akiwa mahali patatu tofauti.

Pa kwanza ni taji la kinyago cha pembe kinachohusishwa na Idia, mama wa Oba Esigie aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 16. Katika kile kilichoko Metropolitan Museum of Art, New York, chenye urefu wa takriban sentimita 24, juu ya paji la uso kuna safu ya vichwa vidogo: samaki, Mreno mwenye ndevu na kofia, samaki, Mreno, hivyo hivyo mpaka mwisho. Wareno walifika Benin katika miaka ya 1480, wakitoka upande wa bahari, weupe, wakiwa na shaba na marijani. Walitoka kwa Olokun. Kupishana kwao na kambare ndiyo hoja yenyewe: wote wawili ni viumbe wa mpakani, wanaovuka kati ya maji na nchi kavu. Ukimtoa Mreno ukabakiza samaki, hoja imekufa. Ukiwatenga samaki upande mmoja na Wareno upande mwingine, hoja imekufa pia. Mpishano wa kimojakimoja, ambao ni kanuni ya kijiometri tupu, ndio unaosema kwamba hawa ni wa aina moja.

Pa pili, samaki ni miguu ya mfalme. Mtu amesimama wima amevaa marijani, na kutoka kiunoni miguu yake ni kambare wawili waliopinda kwenda juu kushoto na kulia. Masimulizi ya Waedo humtaja Oba Ohen, wa karne ya 14, ambaye miguu yake ilipooza, na ikasemwa kwamba imekuwa samaki wa Olokun. Hapa kambare si jirani wa mtu tena, ameingia mwilini. Pa tatu, kambare ni sadaka, chakula cha madhabahu. Samaki mmoja, kazi tatu: mwenzi, mwili, sadaka. Jedwali litaandika neno gani kwenye safu ya kulia?

Chui naye ana mitego yake. Oba huitwa chui wa nyumbani, na chui wa msituni ni mwenzake katika ulimwengu mwingine. Kumuua kulikuwa jambo la mfalme na la wale aliowaruhusu. Chui wawili mashuhuri wa pembe kutoka Benin, wa karne ya 19, kila mmoja ameunganishwa kutokana na pembe tano za ndovu, na madoa yake ni visahani vya shaba vilivyopachikwa. Baada ya Waingereza kuuvamia na kuupora mji mwezi Februari 1897, chui hao walipelekwa kwa Malkia Victoria. Lakini chui huyohuyo, akiwa ameshikwa mkia na mfalme mwenye miguu ya samaki, mmoja kila mkono, hawakilishi mfalme. Anawakilisha kile ambacho mfalme anaweza kukitawala. Mahali pamebadilika, maana imegeuka.

Ndovu ndiye anayeivunja kabisa dhana ya kamusi. Mtu angetegemea kwamba mnyama aliyetoa malighafi angepewa heshima ya juu, na mara nyingine ni hivyo. Lakini katika masimulizi ya Waedo ndovu pia ni mpinzani mkubwa. Oba Akenzua wa Kwanza, katika karne ya 18, alipambana na Iyase n'Ode, mkuu aliyesemekana kuwa na uwezo wa kujigeuza ndovu. Kwenye pembe na kwenye shaba kuna kichwa cha ndovu ambacho mkonga wake unaishia kwa mkono wa binadamu, na mkono huo umeshika majani. Kwa anayejua masimulizi hayo, mkono huo wenye majani ya dawa unaonyesha nguvu ya kutenda, ya kimwili na ya siri. Nguvu ya nani? Inategemea kilicho juu na chini yake. Chui akiwa juu ya ndovu, ni habari moja. Ndovu akiwa peke yake kwenye msingi wa madhabahu, ni nyingine.

Nimetaja madhabahu kwa sababu ndiko kuliko na kazi kubwa kuliko zote: pembe nzima, baadhi zikikaribia mita 2, zilizochongwa kuanzia shina hadi ncha na kusimamishwa juu ya vichwa vya shaba vya wafalme waliotangulia. Zilizosalia duniani ni zaidi ya 100, nyingi za karne ya 18 na 19. Husomwa kutoka chini kwenda juu. Chini kabisa, karibu na mdomo wa pango, kwa kawaida kuna mshipi wa msuko unaozunguka pembe yote. Juu yake wanaanza watu na wanyama, safu kwa safu, zikipishana bila mstari wa kuzitenga: kiumbe wa safu ya juu anakaa katika mwanya ulioachwa na wawili wa chini. Mtazamaji wa mara ya kwanza huona msongamano. Lakini mpishano huo ni gridi, na gridi ina mhimili: mstari wa katikati wa upande ulioelekezwa kwa mtu aliyesimama mbele ya madhabahu. Walioko kwenye mhimili ndio wenye hadhi. Walioko pembeni huwaelekea, mara nyingi wawiliwawili wenye mkao unaofanana.

Gridi hiyo si rahisi kuipanga, na hapa ndipo ustadi wa Igbesanmwan unapodhihirika. Pembe hupungua unene kadiri unavyopanda. Chukulia pembe yenye mzingo wa sentimita 36 chini na 24 juu zaidi. Ukiweka viumbe 12 kwa safu, kila mmoja ana sentimita 3 chini. Ukibakiza hesabu hiyo hiyo, juu ana sentimita 2 tu, na uso wa mtu wa sentimita 2 hauwezi kubeba alama za hadhi yake. Ukibakiza upana wa sentimita 3, safu ya juu itabeba viumbe 8, na mpishano kati ya safu mbili utavurugika. Hakuna jibu lisilo na gharama. Wachongaji wa Benin walitumia njia zote mbili kidogokidogo: viumbe wanapungua ukubwa, na hapa na pale mmoja anaachwa. Wa kuachwa si wa mhimili. Huwa ni wa nyuma, upande usioonekana na waabudu, na pale palipobaki pengo huingia kitu kidogo: kambare aliyejikunja, kichwa cha mamba, kengele. Wachambuzi wamewahi kuandika kurasa juu ya maana ya mnyama mmoja mdogo ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga hesabu ya duara. Simdharau mnyama huyo. Ninasema tu tuanze kwa kuuliza yuko upande gani wa pembe.

Msuko wenyewe una hesabu yake. Ukisuka kamba mbili kuzunguka duara na kuhesabu mahali zinapokatana, idadi ikiwa shufwa utapata kamba mbili zilizofungamana, kila moja ikirudi ilikoanzia. Idadi ikiwa witiri, utapata kamba moja tu isiyo na mwanzo wala mwisho, inayozunguka duara mara mbili kabla ya kujikuta. Kwa macho tofauti hiyo haionekani. Lazima uifuate kwa kidole. Msuko wa kamba tatu ni mgumu zaidi, kwa kuwa makutano yake huenda kwa jozi: moja kulia, moja kushoto. Ukikosea hesabu kwa kutano moja, mahali pa kufungia kamba moja itapita juu mara mbili mfululizo, na kosa halifichiki kwa sababu pembe hairudishiwi kilichokatwa. Aliyewahi kusuka ukili anaijua hali hiyo vizuri, tofauti ikiwa kwamba ukili hufumuliwa. Mchongaji alipaswa kugawa mzingo kwanza, kwa uzi au ukanda uliokunjwa mara sawasawa, akachora vituo vya makutano, ndipo achonge. Ukiona mshipi wa kale ambao jicho moja la msuko ni refu kuliko mengine, umepata mahali pa kufungia, na mara nyingi umepata pia mgongo wa pembe.

Kuna aina nyingine ya jiometri isiyokuwa mpaka bali ngozi. Mgongo wa mamba huonyeshwa kwa mistari miwili iliyokatana mshazari, ikizaa vijumba vyenye ncha juu na chini. Vazi la Oba la marijani, ambalo ni wavu halisi wa shanga, huchongwa kwa mistari ileile. Mgongo wa chatu hubeba mistari ya kwenda na kurudi, naye chatu ni mjumbe wa Olokun, aliyetengenezwa kwa shaba akishuka kichwa chini kwenye paa za kasri. Kwa hiyo mtawala na mamba, waliochongwa karibu kwenye pembe moja, wanavaa ngozi moja. Sisemi kwamba kila mistari iliyokatana ni mamba; hilo lingekuwa jedwali jingine. Lakini pale nakshi ileile inaporudiwa juu ya miili miwili ndani ya kazi moja, imewekwa ilinganishe.

Owo, mji wa Wayoruba ulioko mashariki mwa nchi yao, katika jimbo la Ondo la sasa, ulikuwa na wachongaji ambao baadhi ya kazi zao zilivaliwa Benin, na wasomi wanakubaliana kwamba mafundi wa Owo walichangia sana mtindo wa pembe wa kasri hilo. Bangili zao za tabaka mbili ndizo kilele cha ufundi wa pembe Afrika Magharibi, kwa maoni yangu. Ni mapipa mawili, moja ndani ya jingine, yanayocheza bila kuachana, na hayana kiungo popote: yametoka kwenye kipande kimoja cha jino. Kazi hiyo haina njia nyingine ila kutoboa tabaka la nje mwanya kwa mwanya, kisha kuingiza wembe mwembamba kupitia mianya hiyo na kukata kuelekea pembeni, polepole, mpaka tabaka la ndani liachane na la nje. Ukuta wa pembe pale penye pango una unene wa sentimita chache tu, na ndani ya unene huo lazima vikae tabaka la nje, uwazi, na tabaka la ndani lenye sura za kutokeza. Wembe ukiteleza, hupotezi nakshi moja. Unapoteza bangili yote, kwa sababu ufa huifuata pembe kwa urefu.

Owo pia ndiko mnyama anakogeuka nakshi waziwazi. Uso wa mtu hutokwa na nyoka wawili puani, mmoja kila upande; miili yao inapinda kwa ulinganifu, na mara nyingine huendelea mpaka ikajiunga na msuko wa pembeni. Ni wapi nyoka ameishia na kamba imeanza? Hakuna mahali. Picha hiyo, ambayo iko pia kwenye shaba ya Benin, huhusishwa na nguvu za siri zinazotoka kinywani na puani mwa mwenye uwezo. Kama nguvu hiyo inapita kutoka kwa mtu kuingia kwenye nyoka na kutoka kwa nyoka kuingia kwenye mpaka wa kazi yote, basi mpaka nao umeguswa na nguvu hiyo.

Sierra Leone ni habari tofauti, na ni pale ambapo ningeomba tahadhari zaidi. Kati ya mwaka 1490 na 1530 hivi, wachongaji wa watu ambao Wareno waliwaita Sapi walitengeneza vyombo vya chumvi, vijiko, mipini ya majambia na baragumu kwa wateja wa Ulaya. Valentim Fernandes, mchapishaji wa vitabu wa Lisbon aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, alisifu ustadi wao, na vitabu vya forodha vya Lisbon vya 1504 na 1505 vinaorodhesha vijiko na vyombo vya chumvi vikiingia. Albrecht Dürer, mchoraji wa Kijerumani, alinunua vyombo viwili vya chumvi vya pembe alipokuwa Uholanzi ya Kusini (Ubelgiji ya leo) mwaka 1520 na 1521, akaandika kwamba vimetoka Calicut, huko India. Wataalamu wengi huamini vilitoka Afrika. Katikati ya karne hiyo uvamizi wa Wamane ulizivuruga jamii za pwani ile na kazi hiyo ikakatika.

Chombo cha chumvi cha Kisapi kina kitako, nguzo zinazobeba tumbo la mviringo, na kifuniko. Kati ya nguzo hushuka nyoka, vichwa chini, na chini yao mbwa wamekaa wakiwatazama, meno wazi, manyoya ya mgongo yamesimama. Nyoka wanne, mbwa wanne: mzingo umegawanywa mara nne na kila jozi ina robo yake. Mistari ya nukta na mbavu za kusokotwa hupita kwenye kila kiungo, pale kitako kinapokutana na nguzo na pale tumbo linapokutana na kifuniko. Nukta hizo zina kazi ya fundi: huficha mshono wa kifuniko na huzuia jicho lisione kwamba duara si kamili, maana tumbo lilizungushwa kwa kisu, si kwa mashine ya kukerezea.

Mbwa wanaona nini kwa nyoka? Wengi wamejibu kwa uhakika wa ajabu: walio hai na wafu, nchi na maji. Huenda. Lakini Benin tuna kasri lililoendelea, jumuiya za mafundi zilizoendelea, lugha inayosemwa leo na ibada zinazofanyika leo. Kwa Wasapi mnyororo huo ulikatika. Tunachoweza kusema kwa haki ni kile kinachoonekana: nyoka anashuka, mbwa anamzuia, na mzozo huo uko chini ya chakula cha mteja, si juu yake. Kuchukua maana ya chatu wa Olokun kutoka Benin na kuipachika kwa nyoka wa Sierra Leone, zaidi ya kilomita 1,500 mbali, ni sawa na kuchukua maneno ya Kiedo ukadai unasoma Kitemne, lugha ya Sierra Leone.

Baragumu za Kisapi zinaonyesha jambo jingine. Baragumu za pembe za Afrika hupulizwa ubavuni: hivyo ndivyo zilivyo za watawala wa Asante, na ndivyo ilivyo siwa ya Pate iliyohifadhiwa Lamu. Za Kisapi kwa ajili ya wawindaji wa Ulaya zilitobolewa nchani, na tundu la mdomo hutoka katika taya za mnyama. Kwenye miili ya baragumu hizo kuna paa wenye pembe za matawi, nguruwe na mbwa wa kuwinda, walionakiliwa kutoka vitabu vya sala vilivyochapishwa Paris, pamoja na nembo za wafalme wa Ureno na Hispania. Lakini mbavu za kusokotwa na safu za nukta zinazotenga mandhari hizo ni za Kisapi. Mteja alileta wanyama, mchongaji akabaki na mipaka. Kama nakshi zingekuwa kitu cha kujazia tu, ingekuwa rahisi kumwachia mteja achague hizo pia.

Siwa ya Pate, kwa njia, haina mnyama hata mmoja. Imejaa nakshi tupu, na hakuna aliyewahi kudai kwamba haina maana kwa sababu hiyo.

Makosa ya usomaji wetu wa leo yanaanzia kwenye picha. Pembe ni duara, na picha moja huonyesha chini ya nusu ya mzingo wake, na kingo za picha tayari zimepinda. Katalogi nyingi huchapisha picha moja ya upande mzuri, na kwa kazi ambayo hoja yake ni nani yuko kando ya nani, hiyo ni hasara kubwa. Pembe kadhaa za Benin zina upande uliounguzwa na moto wa 1897, na upande huo hauonyeshwi kabisa kwa sababu haupendezi, ilhali kivuli cha kiumbe aliyeungua kinaweza kutambuliwa kwa jirani zake wa kushoto na kulia na kwa nafasi yake kwenye gridi. Kwa kuwa mnyama wa pembeni mara nyingi hurudiwa upande wa pili, robo iliyohifadhiwa inaweza kuirudisha robo iliyoharibika.

Digital Benin, hifadhidata iliyozinduliwa Novemba 2022, ilianza na kumbukumbu za zaidi ya vitu 5,000 vya Benin kutoka taasisi 131 katika nchi 20, na sasa baadhi ya vitu hivyo vinarudishwa Nigeria. Kwa kila pembe inayorudi au inayobaki kabatini, hitaji la chini kabisa ni picha nane, moja kwa kila nyuzi 45, zote kwa umbali mmoja na urefu mmoja wa kamera, kipimo cha mzingo kila baada ya sentimita 10, na mchoro mmoja ulioifungua pembe ukaitandaza bapa, ukianzia mgongoni ili mhimili ukae katikati ya karatasi. Mshipi wa msuko uchorwe wote, jicho kwa jicho, na idadi ya makutano iandikwe.

Haja hiyo ni kubwa zaidi kwa wachongaji wenyewe. Mwaka 1977, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi, FESTAC, lilipofanyika Lagos, nembo yake ilikuwa kinyago cha Idia kilichoko British Museum. Nigeria iliomba kukiazima ikakataliwa, na ikabidi nakala ichongwe Benin. Tangu ndovu wa Afrika aingizwe mwaka 1989 katika orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, inayopiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe, kazi kubwa ya wachongaji wa Edo imekuwa ya mbao. Gogo la mbao halina pango, halipindi, na halipungui unene isipokuwa ukilipunguza mwenyewe. Anayenakili pembe ya madhabahu kwenye gogo lililonyooka, akitegemea picha moja ya mbele, atalazimika kubuni mgongo wote, na hesabu ya safu itabadilika mara moja: viumbe 12 chini, 12 juu, bila haja ya kumwacha yeyote. Wale wanyama wadogo waliofunga duara hawatakuwa na mahali pa kukaa, na kambare aliyekuwa mgongoni atasogezwa mbele apendeze wanunuzi, kwenye mhimili ambao ulikuwa wa mfalme.